Nilivyosukumwa Nikaupata Umbali

Derb Dabachi, Marrakesh
6 Machi 2026

Mpendwa Mjomba Idder,

Asalaam aleikum, na Ramadhani njema. Baridi ya Ghent imepungua? Goti lako je? Huku tu wazima, ila Mama anatia chumvi nyingi kwenye supu ya harira na hakuna anayethubutu kumwambia.

Mjomba, nimepata! Siwezi kungoja kukuambia.

Unalikumbuka lile wingu nililokutumia picha yake, gesi iliyotemwa na nyota inayokufa? Kazi yangu ni kujua liko mbali kiasi gani. Nalinganisha picha ya miaka ishirini iliyopita na ya sasa, naona ukingo umetanuka kiasi gani. Nikijua na kasi ya gesi, umbali unapatikana. Mimi nilipata miaka elfu tatu ya mwendo wa nuru. Chombo kilichoko angani kupima umbali wa nyota kinasema elfu nne. Mwalimu wangu, Ustadha Zhor, alinishauri niliondoe wingu hilo kwenye tasnifu. Nikashupaza shingo, nikawapelekea watahini hivyo hivyo.

Jana kabla ya magharibi nilikuwa kwenye foleni ya shebakia, vile vitamu vya asali vya kufuturia. Mtu akasukuma huko nyuma, nami nikamwangukia mama wa mbele.

“We binti, una njaa peke yako?”

“Si mimi, Lalla! Aliyesukuma yuko kule mwisho, wala hajasogea!”

Hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Msukumo umenifikia, mtu hajanifikia! Ukingo ninaoupima pia ni msukumo tu, unakwenda mbio kuliko gesi yenyewe, na mimi nilivihesabu kama kitu kimoja. Nilirudi mbio bila shebakia. Nikasahihisha: elfu tatu na mia tisa! Nilipiga kigelegele peke yangu.

Kisha nikakumbuka tarehe. Mtihani wa tasnifu ni Jumatano, na watahini wana kosa langu mkononi. Kukiri kungeweza kuniahirishia mtihani hadi mwakani, na Baba alishaapa kwamba huu ndio mwaka wa mwisho wa nyota; baada yake ni dukani kwake.

“Kosa ni lako,” Ustadha Zhor akasema nilipompigia simu. “Waandikie mwenyewe.”

Nikawaandikia watahini usiku ule ule.

Leo asubuhi wamejibu: “Njoo Jumatano. Anza na kosa.” Nikampa Baba simu asome. Akasoma mara mbili, kisha akaniuliza avae kanzu ipi siku hiyo.

Nisalimie mkeo Fadma na binamu yangu Anir. Mola awafikishe Idi mkiwa na afya na nyuso za furaha.

Mpwa wako akupendaye kwa dhati,
Tuda