Mwale wa Jua Jikoni kwa Skola

Mpenzi Mama Regina,

Nilikuficha sababu ya safari hii. Songea ni baridi na manyunyu. Leo jua limechungulia kidogo jikoni kwa dada yangu Skola. Mwale umepenya tundu la bati, moshi wa kuni mbichi ukautawanya kabla haujafika kwenye chungu cha maharage. Nikamwambia kazi yangu kule maabara Ulaya ilikuwa hiyo: kuzuia gesi yenye joto kama la jua isitawanye mwanga wa leza tuliotumia kuichoma.

“Kumbe Kaka, miaka yote ulikuwa unapigana na moshi!”

Nilicheka hadi nikakohoa, yeye akaweka mwiko chini.

Wabusu wajukuu. Sikuja kupumzika. Nimekuja kumwonyesha Skola mahali pa kunizika, kando ya kaburi la mama yetu.

Baba Regina