Mteremko wa Mazeau

Jumatatu, 17 Aprili

Nimekiona kigari kwa macho yangu. Cheupe, milango miwili, kinanguruma kama cherehani. Kimeegeshwa mbele ya duka la mkate, nusu juu ya ukingo wa njia. Ndani yake Mzee Peyroux na kofia yake ileile.

Mahakama ilimnyang'anya leseni kwa sababu ya Ghislain wangu. Nikadhani yamekwisha. Kumbe kuna hivi vigari visivyohitaji leseni — na sheria inaruhusu! Ana miaka themanini na sita, amemuua mume wangu kwenye barabara tulivu kuliko zote huku kwetu, na bado anashika usukani.

Mwenye duka aliniangalia, akainamisha macho. Nimetoka bila mkate.

Jumanne, 18 Aprili

Nimekwenda kwa meya. Kanikaribisha kiti, kasema pole mara nyingi mno, kisha kasema hana la kufanya. Gari la mkate haliendi tena Mazeau kwa Peyroux, basi la abiria hakuna, duka liko huku. "Sasa Armelle, unataka mzee wa watu ale nini, nyasi?"

Nikamwambia nyasi zingemfaa.

Jioni Perrine kapiga simu kutoka Lyon. Mama, uza nyumba. Mama, hamia huku. Mama, una hakika unakula? Binti yangu ananiongelesha kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Baiskeli zetu mbili bado zinaning'inia gereji tangu Oktoba. Sijazigusa. Kuna jambo linanila kila nikiziona. Kwenye hizi barabara ndogo, zile nyeupe kwenye ramani, mwendesha baiskeli anaishi kwa masikio. Gari unalisikia kabla hujaliona, unasogea kando, mnapungiana mikono, basi. Ghislain alikuwa akisikia trekta likiwa bado bonde la pili. Siku ile kwa nini hakusikia? Barabara imekauka, upepo hakuna. Kwa nini hakusogea?

Alhamisi, 20 Aprili

Nimejaza upepo matairi kwa hasira tupu. Nimepanda hadi kwenye msalaba wa kileleni, mapafu yanawaka. Kutoka pale barabara inateremka yenyewe mpaka Mazeau, na ile kona alipofia Ghislain iko katikati. Nimeshuka kwenye baiskeli, nimepita kwa miguu, upande wa pili, bila kuangalia.

Nilikwenda kumtukana. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu majira ya baridi.

Mzee Peyroux kafungua mlango. "Nani?"

Tulikuwa karibu kiasi cha kushikana mikono, na mchana kweupe.

"Wewe ni yule wa umeme?"

"Mimi ni mke wa Ghislain."

Kashika fremu ya mlango. Hakusema samahani. Kasema, "Ingia basi, joto linatoka."

Mezani bakuli la supu ya kabichi, mkate mkavu umelowekwa ndani. Huyu mtu haoni! Anaona pembeni tu, katikati ni ukungu. Na anaendesha! Maneno yangu yote yalinitoka, nikajikuta nasema kitu ambacho sikukipanga: nitakuletea mkate mimi. Kwa baiskeli. Kigari kinabaki bandani.

"Usiuchukue ulioungua," kasema.

Jumatano, 3 Mei

Nakwenda kila baada ya siku mbili. Nachota maji kwenye bomba la makaburini, kama waendesha baiskeli wote wa nchi hii, namsalimu Ghislain, napanda. Miguu inarudi. Naona haya kusema hivi, lakini nasikia raha pale juu. Ndege kekeo wanaita msituni, mashamba yamejaa maua ya njano, na hakuna hata gari moja.

Josiane wa klabu yetu ya baiskeli kanikuta dukani na mikate mkobani. "Ee, mama mkate! Huyo mzee atakuoa sasa." Akajiona kakosea, akashika mdomo. Nilicheka. Mara ya kwanza nacheka naye tangu mazishi.

Peyroux hacheki. Anaubonyeza mkate kama anapima jibini. Anauliza hali ya barabara: ng'ombe wa nani wametoka, nani kakata miti. Ghislain hatumtaji. Perrine hajui kitu, na sitamwambia.

Jumamosi, 13 Mei

Sasa najua.

Nilikuwa nalalamika bei ya mafuta, mazungumzo tu. Kajisifu. Yeye mafuta hayamsumbui: tangu ujana wake, akitoka kijijini, akifika msalabani anazima injini. Gari linajiendea lenyewe mpaka uani. Baba yake alifanya hivyo na lori la maziwa. "Mteremko ni wa bure, bibie. Kwa nini nichome mafuta?"

Nikamuuliza: "Hata siku ile?"

Kikombe kikasimama hewani. Sidhani kama aliwahi kuviunganisha hivi viwili. Naapa, niliona vikiungana usoni pake.

"Siku zote," kasema. Kwa sauti ndogo.

Basi Ghislain anapanda, kichwa chini, anasikiliza kama kawaida yake. Anasikia ndege. Barabara ni yake. Gari linamjia kimya kama paka, na ndani yake mtu asiyeona mbele!

Nilitoka bila kuaga. Nimefika nyumbani sijui vipi.

Jumanne, 23 Mei

Sijaenda Mazeau tangu siku ile. Afe njaa. Nimeandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 26 Mei

Nimekwenda.

Sikulala kwa kuwaza kwamba atakuwa ameshatoa kigari, na itakuwa juu yangu. Hakukitoa. Bandani kipo, kuku kataga kwenye kiti chake. Mzee kakonda. Anakula viazi vilivyoota na maganda ya mkate wa zamani. Alisikia baiskeli uani, akasimama wima kama askari.

"Nilisema sitaendesha. Sijaendesha."

Kisha, akiwa amenipa mgongo, anaosha kikombe kisafi: "Ungeniambia nilipe kwa kitu gani, ningelipa. Sijui kitu gani."

Nami sijui. Nilikata mkate, nikapaka siagi, tukala. Nilimchukia na nikamwonea huruma katika tonge moja. Sijui mtu anafanya nini na mambo hayo mawili.

Jumamosi, 3 Juni

Nimemwambia Josiane njia ya Mazeau ni salama. Tangu Oktoba klabu haipiti kule, wanazunguka kwenye barabara kuu na malori. Nimesema mzee haendeshi tena, nimeweka dhamana mimi. Kanikumbatia dukani mbele za watu. Kesho watakuja wote, kutokea upande wa mtoni, watapita Mazeau, watapanda hadi msalabani. Pale konani watasimama kidogo kwa ajili ya Ghislain. Tumekubaliana nitawangoja uani kwa Peyroux.

Nilikwenda kumwarifu mzee, asije akashtuka.

"Wangapi?"

"Kumi, labda zaidi. Watapita tu."

"Kwangu hapiti mtu hivihivi. Watakunywa kahawa."

"Hawana haja, Mzee Marcelin."

"Mimi ninayo."

Ni mara ya kwanza nimemwita kwa jina lake. Nimeliona sasa hivi, naandika.

Jumapili, 4 Juni

Naandika nimekaa kwenye majani kando ya barabara, hatua chache chini ya msalaba. Mwandiko mbaya. Naandika ili akili itulie.

Nilipitia njia ya ziwani, ndefu, nilitaka kufika nimechangamka. Nikaingia uani. Mlango wa banda wazi. Kuku yuko nje, analalamika.

Niliita, nikaingia ndani. Mezani kitambaa safi. Vikombe vimepangwa, vya kila aina, hata kimoja bila mkono. Sukari. Siagi. Kopo la kahawa liko wazi katikati ya meza, na ndani yake hakuna kitu.

Kaenda kununua kahawa.

Simu haishiki kule bondeni. Nimeburuta kiti chekundu mpaka katikati ya barabara, nimekivika koti langu la mvua. Josiane atakiona, atawasimamisha. Hao najua watasimama. Lakini yeye nani atamsimamisha? Kile kiti atakipitia juu kwa juu, na wao wamesimama nyuma yake, wanacheka, wanasubiri kahawa. Ndiyo maana nimepanda huku. Konani nimepita juu ya baiskeli, sikushuka, sikuwa na nafasi ya kukumbuka.

Hapa simu inashika. Nimempigia mwenye duka. Kasema ametoka zamani, amenunua na biskuti. Kamwambia kila mtu ana wageni.

Baiskeli nimeilaza katikati. Ya Ghislain ingeonekana vizuri zaidi, ni ya manjano. Yangu ya kijivu, rangi ya lami. Nimekuwa mjinga kiasi gani!

Nasikia ile cherehani ya kigari. Bado mbali, upande wa kijijini, kinapanda kwa shida. Nitasimama barabarani nipige kelele. Masikio yake mazuri, atanisikia — kama dirisha liko wazi. Kama dirisha limefungwa, hatanisikia, na kuniona hataniona.

Kiko karibu na msalaba. Nimesimama. Naandikia juu ya goti, mguu mmoja kwenye gurudumu.

Chini kule nasikia sauti za watu wanaimba. Ni wao, wamefika mapema. Josiane hajui kuimba.

Injini imenyamaza.