Foku Iliyolingana na Kijiti

Makongeni, Nairobi
Jumanne jioni

Kwa mdogo wangu Barasa,

Fundi Otieno wa Mowlem amesema leo adhuhuri kwamba foku niliyokununulia, ile panda ya kushika gurudumu la mbele, haitaingia kwenye baiskeli yako. Shingo yake ni fupi kwa vidole vitatu. Nilimwomba apime tena. Akapima tena, na jibu likawa lilelile.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najua ungeziruka salamu ukilitafuta. Sasa nikusalimu. Barua yako ilisema mvua imekula njia ya kisimani na mama anakohoa asubuhi. Niambie kama kikohozi kimepungua au kimeshuka kifuani. Sisi hapa, mimi na shemeji yako Nekesa, hatuumwi. Kiwandani tunafanya kazi siku tatu kwa juma. Mashine ya kukunja mabati imesimama tangu mwezi jana na hakuna anayesema itawashwa lini. Vibarua wa upande wetu wameambiwa wakae nyumbani. Mimi nimebaki kwa kuwa lazima awepo mtu wa kupima yale mabati machache yanayotoka. Ndiyo kazi yangu, kupima, na hilo ndilo linalofanya habari hii iwe ngumu kuiandika.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa mpangilio, ili usije ukadhani foku zilikosekana. Zilikuwepo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Gikomba, upande wanaouza baiskeli kuukuu kutoka ng'ambo. Nilikuwa na kifurushi chako: kijiti ulichokata, pamoja na vile vikombe viwili vya gololi ulivyong'oa kwenye fremu ili nikutafutie gololi mpya. Kwenye karatasi uliandika, "Urefu wa shingo ndio huu." Muuzaji anaitwa Maina, umri wake kama wako, na mdomo wake hauna likizo.

"Niaje, mzae. Unasaka nini?"

"Foku ya springi, ya baiskeli ya milimani."

"Ziko, za majuu kabisa. Lakini wewe ndiye mzae wa kwanza kuniuliza hiyo. Ni wewe utapanda?"

"Ni ya ndugu yangu."

"Poa. Nilikuwa nimeanza kukuombea."

Alikuwa na foku kumi na moja kwenye gunia. Nilivitoa vikombe vyako nikapima unene wa shingo ya kila moja. Nane zilikuwa nyembamba, nikazitenga. Zikabaki tatu, na vikombe nikavirudisha mfukoni.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi na yenye rangi nzuri. Ndani haina springi ya chuma. Ina vipande vya mpira vilivyopangwa kama sarafu. Maina aliifungua kifuniko, nikaigeuza, mpira ukamwagika mkononi kama unga wa mtama. Hiyo tukaiacha.

Ya pili ilikuwa ya springi na oili. Nililaza kifua juu yake nikaikandamiza mara ishirini. Iliingia inchi tatu na kurudi polepole bila kugonga, jinsi ulivyosema anataka bwana wa kambi, yule atakayekupa kazi ya kuongoza wageni kwa baiskeli. Nilipangusa miguu yake kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikabaki cheupe, maana yake oili haivuji. Niliitikisa mbele na nyuma, haikulegea. Kisha niliweka kijiti chako kando ya shingo. Vililingana, Barasa. Hata unywele haukuzidi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Ya tatu ilikuwa nzito, na mguu mmoja ulikuwa na mkwaruzo, lakini mkwaruzo ulikuwa chini, mahali pasipofikiwa na mpira wa kuzuia oili. Nayo iliingia na kurudi vizuri. Shingo yake ilizidi kijiti kwa vidole vinne. Niliiweka chini nikasema ni ndefu mno.

Maina alinitazama. "Mzae, ndefu hukatwa. Fupi haikui."

Nikamwambia, "Kijana, mimi nimepima chuma miaka kumi na tisa."

Akainua mikono juu. "Basi mimi nani? Nimenyamaza, Bwana Kipimo."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka pia. Nilimpa redio yetu badala ya pesa, akanipa ile foku ya pili.

Leo nimeibeba mpaka Mowlem kwa miguu ili Otieno aioshe na kubadilisha oili kabla sijakutumia. Alikiangalia kijiti, akauliza, "Hii amepima nini?" Nikasema shingo. Alikata kipande cha bomba urefu wa kijiti, akakivalisha kikombe kimoja chini na kimoja juu, akakiweka kishikio cha usukani juu ya hivyo vyote, kisha akapitisha foku yangu katikati. Ilipotelea ndani. Haikufika hata mahali pa kushikia usukani.

"Ndugu yako amepima bomba tupu la fremu," akasema. "Vikombe alikuwa ameving'oa. Wewe ulikuwa navyo wapi?"

Mfukoni. Nilivitumia kupima unene, na kimo chao sikukiongeza.

Sikulaumu. Hujawahi kununua foku na hakuna aliyekufundisha. Wewe ulipima ulichokiona. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Unakumbuka mama alivyokuwa akitukatia vijiti vya miguu yetu ili baba anunue viatu mjini? Kila mara alimwambia, "Ongeza kidole gumba, mguu si ubao." Baba hakusahau hata mara moja, na hakuwa na kalipa ya kupimia mfukoni kama mimi.

Nilimuuliza Otieno kama anaweza kuunga shingo kwa kuchomelea. Alisema, "Kuchomelea naweza, hata chai haitapoa. Lakini mimi mwenyewe sitaipanda, hata hapa Mowlem ambako hakuna mlima." Nilimwambia aache. Najua utasema ungekubali. Foku ya zamani ilikukatikia penye tambarare ukapoteza jino. Hii ingekatika ukiteremka mlima na wageni nyuma yako, na chuma kilichochomelewa hakipigi kelele kabla hakijaachia. Sitaituma.

Kutoka hapo nilirudi Gikomba moja kwa moja. Maina aliponiona na foku begani, kicheko kilimtoka usoni.

"Ile ndefu?" nikauliza.

"Ilienda Jumapili, mzae. Jamaa wa Thika. Aliikata hapahapa."

Foku ya kubadilisha hakuwa nayo. Redio alikuwa ameshaiuza. Alisema mzigo mwingine utafunguliwa Jumatatu, na bwana wa kambi anaikagua baiskeli yako Jumamosi.

Nekesa alinipokea mlangoni. Nilimweleza yote. Alisema, "Redio imekwenda, foku imekataa. Sasa jioni tutasikiliza nini, hicho chuma?" Kisha aliketi akanigeuzia mgongo. Foku ipo pembeni mwa kitanda ninapoandika. Ni nzima kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza kuitazama.

Sasa lililobaki. Kabla ya kufika nyumbani nilipitia tena kwa Otieno, naye ananitengenezea foku ngumu ya bomba, isiyo na springi. Nimempa vipimo upya: bomba, vikombe viwili, kishikio, na kidole gumba juu. Alisema, "Leo umeongeza, Bwana Kipimo?" Sijui jina hilo limefikaje Mowlem. Miguu ya foku hiyo itakuwa mirefu kama ya ile ya springi, ili kichwa cha baiskeli kisiinamie chini. Utaiendesha bila wasiwasi wa kukatika. Lakini mikono yako itapokea kila jiwe, na kwenye mteremko utakuwa wa mwisho badala ya wa kwanza.

Sitakudanganya kuhusu maana yake. Bwana wa kambi alisema springi mbele na nyuma, kwa sababu kiongozi hutangulia wageni na lazima ateremke kwa kasi yao. Kuna wenzako wawili wanaoisubiri nafasi hiyo. Nadhani atakukatalia. Miaka minne tangu umalize shule hii ndiyo kazi ya kwanza iliyokuita wewe kwa jina, na mimi nimeifungia mlango kwa upana wa vidole vitatu. Nimejaribu kutafuta upande wa pili wa jambo hili na sijauona. Hapa mjini siwezi kukuita. Kiwandani wanapunguza, hawaongezi.

Hata hivyo nenda. Usijifiche. Mwonyeshe bwana wa kambi kwamba springi ya nyuma ni nzima na kwamba baiskeli imekaza. Mpe karatasi ya pili iliyo ndani ya bahasha hii. Nimeandika kwamba kosa la kipimo lilikuwa langu, si lako, na kwamba foku ya springi inatafutwa. Sikumwahidi siku.

Mama ameniandikia kwamba Jumapili hii atasimama mbele ya kanisa kushukuru kwa ajili ya kazi yako. Mwombe asubiri. Ukishindwa kumwambia sababu, mwambie Simiyu amesema.

Msalimie mama kwanza. Msalimie mjomba anayepiga kengele ya kanisa, umwambie magoti yake nimeyakumbuka msimu huu wa baridi. Msalimie shangazi wa kwenye duka la mafuta ya taa, na Nanjala dada yetu na watoto wake. Mkubwa wao asiiguse baiskeli hiyo kabla ya Jumamosi. Nekesa anawasalimu wote, ingawa leo hazungumzi.

Barua hii inatangulia kwa basi la kesho; foku ngumu itapakiwa Alhamisi jioni. Ijumaa saa moja asubuhi uwe stendi, uende na spana na grisi. Vikombe vyako vitakuwa ndani ya kifurushi cha foku, na gololi mpya. Jumamosi saa nne uwe kambini. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mimi nitakuwa Gikomba mbele ya gunia la Maina, nikiwa na kijiti kirefu.

Kaka yako,
Simiyu