Madirisha Matatu ya Honor Ginty

Cloonagarra,
Mayo, Ayalandi.
Tarehe 12 Mei, 2025.

Tumeipata nyumba, Philomena! Nyumba alimozaliwa babu yako Austin tumeipata, na kizingiti chake bado kipo, nimekikanyaga mwenyewe kwa miguu yangu hii yenye magoti mabovu!

Mpendwa dada yangu Philomena,

Haya, sasa nishike adabu nikusalimu. Hujambo huko Cleveland? Mguu wa mumeo Walter umepona? Na wewe unakula vizuri, au bado unashinda jikoni ukilitazama lile kopo la majivu ya baba yako? Sisi hatujambo, ila mvua haijatupumzisha tangu Pasaka, na kondoo wamelowa mpaka wanatia huruma.

Najua ile ahadi yako kwa baba yako, marehemu Martin, inakutesa, kwamba majivu yake yatalala mlangoni pa nyumba ya baba yake. Na nilikuambia kwenye simu lililotukaba: magofu kumi na mawili juu ya mlima, yote bila paa, na mlima wenyewe umeshauzwa. Septemba mashine zinapanda kusafisha ardhi ya kupanda misonobari. Wanunuzi walisema wataiacha nyumba yetu isimame tukiwaonyesha kwa karatasi ni ipi. Karatasi, si masimulizi. Basi nikamwambia binti yangu Sorcha, "Karatasi hiyo tutaipata, hata kama ni kuipekua serikali nzima."

Sorcha unamjua. Yuko maktaba ya mjini, na tangu aingie pale watu hawamuulizi tena mkuu wake kitu, wanamuuliza yeye. Sisemi hivi kwa sababu nimemzaa. Sawa, nasema kwa sababu nimemzaa, lakini pia ni kweli.

Alikaa na sensa za zamani wiki tatu. Ile ya mwaka 1901 ikampa watu wetu wote: Michael Ginty, mwashi, mkewe Honor, miaka hamsini na mmoja, na wana wao, Patrick ambaye ni babu yangu, na Austin wako, miaka minane. Nililia, dada. Miaka minane! Lakini ukurasa unaoeleza nyumba zenyewe haupo, umepotea.

Katika sensa ya 1911 ukurasa huo upo. Polisi aliyezunguka kuandika watu ameeleza kila nyumba: kuta, paa, vyumba, mazizi, hata madirisha ya mbele kayahesabu. Na yumo Honor Ginty, mjane, anaishi peke yake, maana Austin alikuwa keshakwenda Marekani na Patrick yuko kibaruani Uskochi. Ila umri wake umeandikwa sabini na mmoja.

Sorcha akaifunga kompyuta. "Mama, huyu siye. Wetu angekuwa na sitini na mmoja. Huyu ni Honor mwingine."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. "Wewe na digrii yako! Pensheni ya wazee ilianza lini?"

"Mwaka 1909."

"Na ilikuwa ya watu wa miaka mingapi?"

"Sabini..." Akaifungua tena kompyuta. "Mama! Bibi alidanganya?"

"Koma! Hakudanganya. Alizeeka haraka, kama mlima mzima ulivyozeeka mwaka ule. Nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa?"

Mimi shule niliiacha nina miaka kumi na minne, lakini hilo nililijua, maana bibi yangu alilisimulia kila alipokanda mkate. Hata hivyo Sorcha hakukubali hivi hivi. Akawapanga majirani wote wa sensa zile mbili, jina kwa jina. Wazee tisa, na saba kati yao wameongeza miaka kumi na minane, kumi na tisa, hata ishirini, ndani ya miaka kumi tu! Mwanamke mmoja kampita umri mumewe. Na Honor Ginty hakuna mwingine kijiji kizima. Ni wetu. Nyumba yake: vyumba viwili, paa la nyasi, madirisha matatu mbele. Wengine wote wana moja au mawili. Unaona raha ya kuolewa na mwashi?

Basi Jumapili baada ya misa tukapanda mlima na karatasi yetu. Jirani yangu Tommy Joe akatufuata na fimbo yake. "Dympna, mnajichosha. Nyumba ya kina Ginty ni ile ya kando ya kijito. Baba yangu alinionyesha, na hakuwa mwongo."

"Hakuwa mwongo, Tommy Joe, ila hata miwani hakuwa nayo."

Tukafyeka magugu gofu moja baada ya jingine. La tisa ndilo lililokuwa na madirisha matatu. Tommy Joe akayahesabu mara mbili, akavua kofia. "Basi ile ya kijitoni ni nini?" Sorcha akatazama karatasi. Ni zizi la babu yake Tommy Joe.

Kwa hiyo dada, usinikasirikie: mwaka jana ulipokuja ulipiga magoti ukalibusu zizi la kondoo. Na lile jiwe ulilolichukua pale ukaliweka kabatini Tommy Joe analidai. Lilete.

Ijumaa wanunuzi walikuja, wakasoma karatasi, wakaizungushia nyumba utepe wa njano. Haiguswi. Njia ya kupandia nimeanza kuifyeka mwenyewe, maana baba yako Martin hatapitishwa kwenye miiba. Padre ameshakubali, na nyama ya kondoo nimeshaagiza. Sitaki kusikia habari ya nauli wala magoti. Kama yangu yamepanda, na yako yatapanda.

Msalimie Walter, na kaka yako Gerard mwambie asipokuja nitamfuata. Sorcha anakubusu. Mungu awafungulie njia, na Bikira Maria awavushe bahari salama.

Mimi ndugu yako nikupendaye, ninayekungoja kizingitini,
Dympna

Maziko ni Jumamosi, tarehe 26 Julai, saa tano asubuhi, mlangoni kwa Honor. Wote.