KIKAO CHA DHARURA KUHUSU MADOA YA CHUMBA CHA MAWE

Chama cha Majirani

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Chumba cha kale cha mawe, ambacho ndicho ofisi ya chama
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Fundi Rangi, Bibi Mkunga, Katibu (mshonaji)
Asiyehudhuria: Mweka Hazina (kinyozi, mume wa Katibu), aliyefariki mwezi wa pili. Kiti chake bado kipo.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba wajumbe wasirushiane maneno kama mara iliyopita. Fundi Rangi aliuliza kama ombi hilo linamhusu na mwombaji. Kikao kiliendelea.

KUMB. NA. 2/14: CHOKAA
Fundi Rangi alieleza kwamba chokaa imeshalowekwa na kesho asubuhi anapaka ukuta wote. Katibu alipinga. Alisema asingependa ukuta huo uguswe, na sababu ataisema akiweza.

KUMB. NA. 3/14: TAFSIRI YA MADOA
Mwenyekiti alieleza kwamba madoa matano meusi yaliyopangana ukutani ni alama za wafungwa waliowekwa humu zamani, na kuyapaka chokaa ni kufuta historia. Fundi Rangi alisema ni unyevu. Bibi Mkunga aliuliza ni unyevu gani unaopanda hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, halafu ukapanga foleni. Fundi Rangi alimjibu, "Bibi, wewe zalisha, ukuta niachie mimi." Alitakiwa kufuta kauli. Alifuta nusu.

Mwenyekiti akasema huenda ni moshi wa taa, kisha akarudi kwa wafungwa. Hapa Katibu hakuelewa tena nani anamuunga mkono nani, ameandika alichosikia.

KUMB. NA. 4/14: VICHWA
Bibi Mkunga alichoka, akaketi kitini pake na kuegemea. Kichwa chake kiliziba doa la pili barabara.

Ilikumbukwa kwamba tangu ule ugomvi wa kugombea kiti cha dirishani, miaka mingi sasa, kila mjumbe ana mahali pake na haruhusiwi kuhama. Wote walikwenda kuketi, na kila kichwa kikapata doa lake. Ikathibitika kwamba historia yenyewe ni mafuta ya nywele. Mwenyekiti aliomba neno "wafungwa" lifutwe. Halikufutwa.

Likabaki doa la karibu na mlango, kubwa kuliko yote, halina kichwa. Mwenyekiti, ambaye alikuwa hajakata tamaa, alisema, "Basi huyu ndiye mfungwa."

Katibu alisema, "Huyo ni mume wangu."

Alieleza kwamba marehemu alikuwa akisinzia kila kikao, na yeye, kwa kumsitiri, akiandika kuwa Mweka Hazina anatafakari. Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba Katibu alilia. Imeandikwa.

KUMB. NA. 5/14: UAMUZI
Fundi Rangi alikohoa, akasema anaweza kupaka ukuta wote akaliacha doa hilo moja. Bibi Mkunga alikataa: "Mwanangu, umwache peke yake ukutani? Ataongea na nani?"

Iliazimiwa kwamba madoa yote matano yaachwe. Chokaa itapakwa chooni.

KUMB. NA. 6/14: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Hakuna aliyeinuka. Wajumbe waliegemea ukuta, kila mmoja mahali pake, wakawa wanatafakari.

Sahihi:
................................ Mwenyekiti
................................ Katibu