Mume Wangu Hajanifikisha kwenye Viunganishi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka.

Mimi ni dobi katika hoteli ndogo, kazi naijua na sijisifu bure, shuka nikilipiga pasi mimi utadhani limetoka dukani, na sasa meneja anataka niwe msimamizi wa vyumba kwa sababu aliyepo anaondoka, sharti ni moja tu, niweze kuzungumza Kiingereza na wageni, naye atanisikiliza Ijumaa. Mume wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza na ndiye anayenifundisha, tena kwa moyo wote, nyumba nzima kaibandika kadi, mlango una kadi, sufuria ina kadi, hata yeye siku moja alijibandika kifuani kadi ya "mume" akasahau, akaenda nayo dukani. Lakini ana utaratibu wake: kwanza nomino zote, kisha vitenzi, kisha vivumishi, na neno la kundi ambalo hatujalifikia ni marufuku kulitamka. Sasa tuko kwenye vivumishi. Vihusishi bado, viunganishi ndiyo kabisa, kwa hiyo siruhusiwi kusema kitu kiko juu ya kitanda wala chini yake, na sentensi mbili nisithubutu kuziunganisha.

Juzi mgeni aliniuliza shati lake liko wapi, nalijua lilipo, jibu lote ninalo mdomoni, nikakumbuka neno moja ni kihusishi, nikajikausha kama nguzo, mgeni wa watu akaondoka akidhani mimi ni bubu.

Ndipo nikamwendea wifi yangu, dada yake mume wangu, dereva teksi anayebeba wageni hao hao, akawa ananifundisha kwa kunizungumzisha tu garini, nikikosea anacheka, tunaendelea. Mshauri, nazungumza! Lakini mume wangu hajui, na aliposikia habari ya Ijumaa alisema, "Mama watoto, mwambie meneja akusubiri kwanza. Hujaiva." Nikamjibu, "Sawa, mwalimu." Tangu astaafu sijamwona akichangamka kama anapoandika zile kadi, nikimwambia ukweli nitamvunja moyo, nikinyamaza kazi inakwenda kwa mwingine. Nifanyeje?

Mwanafunzi wa Jikoni

Mwanafunzi wa Jikoni,

Pole, hongera, na sasa ngoja nikukoromee kidogo. Mama mzima unajua shati lilipo, unanyamaza kwa kumwogopa mtu ambaye yuko nyumbani anakata kadi!

Mumeo anachokufundisha ni cha kweli. Nomino inasema mnazungumzia nini, kitenzi kinasema nini kinatokea, kivumishi kinasema kitu kikoje. Alikosea pale alipolifungia kila kundi katika chumba chake. Mgeni akikuambia "maji" basi, utakwenda na jagi au na dekio? Huwezi kujua mpaka kitenzi kije kikuambie kama hayatoki au yanafurika. Na vile vijineno anavyokunyima ndivyo vitakavyokuonyesha kama yamefurika ndani ya bafu au chini ya kitanda. Maneno hufanya kazi yakiwa pamoja, na mgeni mwenye miguu iliyolowa hawezi kusubiri mfike huko.

Lakini hiyo "Sawa, mwalimu" yako imeniudhi. Mwenzako anadhani darasa linaendelea, kumbe mwanafunzi kahamia kwenye teksi ya dada yake! Siku akiyasikia kwa watu atauliza kwa nini mlimfanya mjinga, na hapo moyo utavunjika kweli.

Ijumaa unakwenda, hilo sitaki mjadala. Leo hii keti na mumeo umwambie yote, kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna aliye mwalimu wa mwenzake. Anza na shukrani, maana wifi asingekuwa na cha kuanzia kama usingekuwa umezibeba zile nomino kutoka jikoni kwako. Kisha mpe kazi mpya: awe mgeni mkorofi, aingie na malalamiko yake, wewe uwe msimamizi. Anapenda kufundisha huyo, nina hakika atavaa mpaka tai.

Na atakukatiza katikati ili akusahihishe, namjua bila kumwona. Asikubabaishe. Maliza sentensi yako, mpe mgeni shati lake, ndipo umsikilize mwalimu.