Pijo ya Dahir Haitulii

Oldonyiro,
9 Februari 2024

Mwanangu Luul,

Kabla sijakusalimu nitaje jambo nililowaficha watu kwa zaidi ya miaka arobaini: sijui kuendesha gari. Sijawahi kujua. Watu waliniona nimeketi kushoto kwa dereva, kalamu mfukoni, wakadhani ni ukubwa wa cheo. Nilifundisha fizikia, nikachora injini ubaoni kila mwaka, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza, nami nikaona haya kusema. Sasa umeniletea swali la gari. Yapime majibu yangu ukijua hivyo.

Sasa salaam aleikum. Habari ya nyumba, habari ya watoto, habari ya ngamia? Mimi nipo. Moyo umechoka na miguu imevimba. Daktari alimvuta binti yangu Sarah kando akamwambia ukweli, akasahau kwamba kiziwi husoma midomo. Simu siisikii tena, ndiyo maana naandika. Lowoi atakufikishia barua akishuka na lori la mbuzi.

Unasema ile Pijo, pikapu ya rafiki yangu, marehemu baba yako Dahir, uliyoifufua ibebe maziwa baada ya kulala uani miaka mingi, inawaka vizuri asubuhi. Ikishapata moto, ukiondoa mguu kwenye mafuta, inatetemeka na kuzima. Fundi Kinoti anataka ununue kabureta nyingine. Usinunue bado. Injini inayokimbia vizuri lakini haiwezi kutulia mara nyingi inavuta hewa kwa mlango usio wake. Asubuhi, choki ikiwa imevutwa, wingi wa petroli huficha kosa hilo. Mwache Kinoti ashikilie mafuta kidogo, wewe unyunyize maji ya sabuni pale kabureta inapokalia injini. Mngurumo ukibadilika, tundu liko hapo.

Nijibu upesi. Sisemi hivyo kwa desturi.

Adeer wako,
Elijah Ekitela


Kiwanjani, Isiolo,
21 Februari 2024

Adeer,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima, watoto wanakusalimu, na ngamia wawili wamezaa. Habari ya miguu yako imenihuzunisha. Mwambie Sarah aiinue juu ya mto ukilala.

Lakini umenichekesha mpaka mteja akauliza kuna nini. Wewe, hujui kuendesha? Baba alikuwa akisema, "Mwalimu hapendi usukani, utamchafulia vidole." Kumbe. Wewe ni adeer, ndugu wa baba hata bila damu; siri yako iko salama kwangu.

Nilipomletea Kinoti maji ya sabuni alisema, "Mama, hii ni gari ama ni sufuria?" Nikamwambia ashike mafuta anyamaze. Nilinyunyiza. Upande wa nyuma wa kabureta, mngurumo ukapanda, ukashuka, kama mtu aliyepaliwa. Kinoti akakuna kichwa, akaniuliza, "Mwalimu alisema sabuni ya kipande ama ya unga?" Hataki kukubali, lakini kabureta mpya hataji tena. Niambie linazibwaje. Jana gari ilizima kwenye kizuizi cha polisi, basi la Nairobi likaniacha na mitungi yote ya maziwa. Yaliganda kwenye jua.

Jambo lingine. Umuro, yule tanboi aliyekuwa akimsaidia baba garini, amerudi kutoka Merti, amezeeka. Alisimama getini kwangu akasema, "Luul, hiyo gari nimeisikia kutoka barabarani. Naijua. Niruhusu niiangalie." Nilifunga geti. Salamu yake sikuitikia. Sijasahau uliyowaambia wazee siku tuliyomzika baba: gari lilikuwa limezimwa sokoni Oldonyiro, baba akapita mbele yake, jiwe alilotega Umuro kwenye gurudumu likateleza, gari likashuka likambana. Tanboi ana kazi gani kubwa kuliko kuweka jiwe? Mama yangu Fahmo alikufa hajamwitikia salamu, na mimi sitaanza.

Binti yako,
Luul Dahir


Oldonyiro,
2 Machi 2024

Mwanangu Luul,

Salaam aleikum, na Ramadhani iwakute na afya. Sarah aliinua miguu kwenye mto kama ulivyosema. Imepungua kidogo. Pumzi haijapungua wala kuongezeka.

Tundu ni la gasketi, karatasi ngumu iliyo chini ya kabureta. Kwa miaka mingi hiyo imekauka ikapasuka. Kinoti afungue kabureta, akwangue mabaki yote, akate gasketi mpya kwa kufuata umbo la ya zamani. Akaze nati kidogo huku, kidogo huku, kwa zamu. Akikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine ataipinda, na mtarudi mlikoanza.

Kisha kuna skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta. Hiyo ndiyo inayoamua injini itulie vipi ikiachwa bila mguu. Irekebishe injini ikiwa inawaka na imepata moto. Haiwezekani kuirekebisha gari likiwa limezimwa, kwa sababu kinachokuongoza ni sikio: unazungusha robo, unasikiliza, unazungusha tena. Hata baba yako alifanya hivyo, akiwa ameinama chini ya boneti na macho ameyafumba.

Kuhusu Umuro, mfungulie geti. Hakuna aliyeijua gari ile kama yeye baada ya Dahir, na salamu ni salamu. Ningeandika zaidi lakini mkono umechoka.

Adeer wako,
Elijah Ekitela


Kiwanjani, Isiolo,
18 Aprili 2024

Adeer,

Salaam aleikum. Tumefunga, tumefungua, Idd imepita salama. Lowoi anasema siku hizi huketi nje. Nilimtuma na chupa ya maziwa, natumaini ilifika kabla hajainywa njiani.

Nilikawia kuandika kwa sababu nilikuwa nafikiri, na mimi nikifikiri sina mkono.

Gasketi imekatwa na kukazwa kwa zamu. Tundu limekwisha. Tulipofika kwenye ile skrubu ndogo, Kinoti akasema, "Huyu aliyeishika mwisho aliiacha kazi katikati." Ilikuwa imefunguliwa karibu kutoka. Akatoa betri ili apate nafasi, na chini yake, imebanwa kwenye bati, akaokota bisibisi. Mpini una utepe mwekundu. Ni ya baba. Mama aliitafuta mwaka mzima baada ya mazishi.

Sasa nimesoma barua yako mara nyingi. Skrubu hiyo hairekebishwi gari likiwa limezimwa. Basi siku ile injini ilikuwa inawaka, na baba alikuwa ameinama pale mbele, hakuwa anapita. Na kama injini ilikuwa inazima ovyo kama ilivyonifanyia mimi, lazima mtu alikuwa ndani anamshikia mafuta. Ni nani wa kumshikia kama si tanboi wake?

Siku ya Idd, Umuro alituma salamu na sinia ya halua. Nilirudisha sinia kama ilivyokuja. Ijumaa ya wiki ijayo baada ya sala wazee watakaa nyumbani kwa mzee Mohamednoor, na nitasema mbele yao kwamba hakukosea jiwe tu, alikuwa kwenye usukani, akamuua baba, akanyamaza. Wanataka kumpa kazi kwenye lori la jamaa yetu. Sitakubali. Wewe ulikuwepo. Labda ulisimama mbali, ukaona gari likishuka tu. Niandikie uliyoyaona, nisome mbele yao.

Binti yako,
Luul


Oldonyiro,
23 Aprili 2024

Luul,

Salaam aleikum. Maziwa yalifika, pungufu kidogo. Sarah alitaka kuniandikia barua hii. Nilikataa. Lowoi ataondoka nayo kesho, kwa hiyo utaipata kabla ya Ijumaa. Isome yote mbele ya wazee, na Umuro awepo.

Hoja yako ni sahihi kila hatua isipokuwa ya mwisho. Injini ilikuwa inawaka. Baba yako alikuwa ameinama chini ya boneti, na mtu alikuwa ndani. Umuro alikuwa amekwenda kusali alasiri. Alikuwa ameliweka jiwe mbele ya gurudumu na kulipiga teke mara mbili, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alirudi akakuta watu wamejaa.

Pijo ilikuwa imeegeshwa ikitazama mteremko na nguzo za zizi la mnada. Breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo Dahir aliiegesha ikiwa ndani ya gia. Alitaka kuirekebisha kabla ya kurudi Isiolo na mbuzi. Iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Alichoka kuzunguka kutoka kwenye boneti hadi kwenye ufunguo. Akamwita aliyekuwa karibu, akamwambia kwa mzaha, "Njoo leo ushike kazi ya wanaume. Weka fri, washa, nishikilie mafuta mpaka nikuambie."

Mtu huyo alijua fri ni nini, pale ambapo gia hazishiki. Angeweza kuichora ubaoni, na meno ya gia zote. Hakujua iko wapi kwa mkono. Wazazi wa wanafunzi wake walikuwa wamesimama kando ya zizi wakipatana bei, naye hakutaka wamsikie akiuliza. Alikanyaga klachi, akasukuma mti wa gia mpaka palipoonekana kuwa katikati, akawasha. Dahir akasema, "Hapo, hapo, vizuri," akazungusha bisibisi. Injini ikatulia vizuri sana. Yule mtu akaondoa mguu kwenye klachi.

Gari liliruka juu ya jiwe. Lilimbana Dahir kwenye nguzo, likazima. Mtu huyo akatokea mlango wa kushoto, wa abiria, kabla wengine hawajageuka. Walipouliza, alisema gari lilikuwa limezimwa na jiwe limeteleza. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Walimuuliza Umuro, tena na tena, naye akajibu kila mara, "Niliweka jiwe."

Usiizungushe tena ile skrubu. Mpe Umuro bisibisi aimalize.

Jiwe lilikuwa mahali pake. Aliyekuwa ameketi kwenye usukani ni mimi,

Elijah Ekitela